Wifi anasema niongeze kinga, jirani anasema niizime: nifanye nini na sukari yangu?

Daktari, salamu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 46. Naishi Kayole na nauza nguo za watoto za mitumba pale Gikomba. Naandika kwa sababu kila mtu ana neno lake kuhusu ugonjwa wangu, na sasa sijui nishike la nani.

Mwaka jana nilianza kuchoka bila sababu. Usiku naamka kukojoa mara tatu, mara nne, na kiu haikatiki hata ninywe maji kiasi gani. Nilidhani ni jua la sokoni na kazi ya kubeba marobota. Nilipopimwa nikaambiwa nina sukari. Asubuhi kabla ya kula ilisoma 11.2, na kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kikaonyesha asilimia 8.6. Nikapewa metformini, baadaye nikaongezewa glibenklamidi. Nina kilo 94, na nesi alinipima kiuno akaandika sentimita 109.

Nilipouliza kwa nini dawa zinashusha sukari kidogo tu, daktari kijana pale kliniki aliniambia mafuta ya tumbo langu yamejaa seli za kinga, na seli hizo ndizo zinazofanya insulini ishindwe kazi. Nilitaka kumuuliza zaidi lakini foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nikatoka na hofu. Kinga si ndiyo inayotulinda? Mbona yangu inishambulie? Ukimwi nimepima, niko salama, lakini tangu siku hiyo silali vizuri.

Nilimweleza wifi yangu. Yeye huuza virutubisho, akasema dawa iko: unga wa kuongeza kinga, kopo moja shilingi 4,500, la kutumia mwezi mzima. Anasema kinga yangu imechoka ndiyo maana imechanganyikiwa. Nimeshachukua makopo mawili na bado namlipa polepole. Mama tunayepakana naye kibanda sokoni anasema kinyume: kama ni inflamesheni, yaani huo moto wa kinga mwilini, nimeze diklofenaki kama yeye anavyomeza kwa ajili ya goti, kwani hiyo ndiyo huizima. Binti yangu yuko chuo kikuu, naye amesoma kwenye simu akaniambia niachane na wote wawili, nipunguze uzito.

Hapo kwenye uzito ndipo kuna kazi. Nilipoanza dawa nilipungua kilo chache. Mama mkwe alinikalisha chini akaniuliza kama mwanawe anajua ninachougua. Wateja wangu wakaanza kuniuliza kwa sauti ya huruma, "Mama, ni nini?" Mume wangu hasemi kitu, lakini najua anapenda nilivyokuwa. Nikarudia kula, na kilo zikarudi.

Tena kuna jambo sielewi. Kaka yangu mkubwa ni mwembamba tangu utotoni na ana sukari. Rafiki yangu wa chama ana mwili kunishinda, na kila akipima yuko sawa. Sasa mafuta yanahusikaje?

Nijibu kwa Kiswahili cha kueleweka, tafadhali, maana nataka kumsomea mama mkwe.

Mama wa Gikomba


JIBU

Dada yangu, kwanza yale ya haraka. Usinunue kopo la tatu. Usimeze diklofenaki kwa ajili ya sukari. Usiache metformini. Na kabla hujapunguza chakula kwa kiasi kikubwa, rudi kliniki uulize kuhusu glibenklamidi. Dawa hiyo hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama hujala, na anayeimeza huku amekata chakula ghafla anaweza kushukwa na sukari hadi akazimia. Ukitetemeka, ukitoka jasho la baridi au moyo ukienda mbio, kunywa nusu gilasi ya juisi au soda ya kawaida papo hapo, halafu ule kitu.

Sasa tuzungumze taratibu, kwa sababu swali lako linastahili jibu ambalo foleni haikukuruhusu kulipata.

Daktari yule alikuambia kweli. Seli za kinga zimo ndani ya mafuta yako na zina mkono katika sukari yako. Ila hazikugeuka kukushambulia. Iko aina ya kisukari, ile ya kwanza, ambapo kinga huziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Hiyo huwapata zaidi watoto na vijana, nao huhitaji sindano ya insulini tangu mwanzo. Yako, kwa namna ulivyoieleza, ni aina ya pili. Na haina uhusiano wowote na ukimwi, kwa hiyo hofu hiyo itue.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini mafuta ya mwili ni mzigo tu uliokaa. Sivyo. Ni kiungo kinachofanya kazi. Mwaka 1994 watafiti wa New York waligundua homoni ya leptini, ambayo mafuta huitoa kuuarifu ubongo akiba iliyopo. Na kila mtu mwenye afya, mnene kwa mwembamba, ana seli za kinga ndani ya mafuta yake. Zipo makrofaji, seli kubwa zinazomeza taka na seli zilizokufa. Zipo seli T za kutuliza, zinazozuia kinga isizidishe hasira. Zipo eosinofili, ambazo ukizisikia hospitalini huwa ni habari za minyoo au pumu, lakini mwaka 2011 watafiti wa San Francisco walionyesha kwamba katika mafuta ya panya ndizo zinazosaidia makrofaji kubaki tulivu. Kazi yao pamoja ni usafi na ukarabati. Kazi hiyo haiishi, kwa sababu kila mwaka karibu asilimia 10 ya seli za mafuta za mtu mzima hufa na nyingine huzaliwa.

Shida huanza seli ya mafuta inapojazwa kupita uwezo wake. Inavimba. Damu inashindwa kuifikia vizuri na oksijeni inapungua. Seli iliyo katika dhiki hiyo hutoa kemikali za kuomba msaada, na seli changa za kinga zilizokuwa zikipita kwenye damu huzifuata, huingia kwenye mafuta na kukua kuwa makrofaji. Seli nyingine za mafuta hufa kabisa, na makrofaji huzizunguka pande zote ili kuzila. Mwaka 2005 kundi la watafiti wa Italia lilipoangalia kwa darubini mafuta ya panya wanene na ya binadamu wanene, lilikuta makrofaji nyingi kupita kiasi zimejipanga mviringo kuzunguka seli zilizokufa. Kwa hiyo unaona, dada, hazikuja kufanya fujo. Ziliitwa, na kazi iliyozikuta haiishi.

Binti yako akitaka kujua haya yalianza wapi, mwambie atafute mwaka 1993. Watafiti wa Boston waligundua kwamba mafuta ya panya wanene hutoa kwa wingi kemikali ya kinga iitwayo TNF, na walipoizuia, insulini ya panya wale ikafanya kazi vizuri zaidi. Lakini nani hasa alikuwa akiitoa? Jibu lilipatikana 2003, makundi mawili ya Marekani yalipoonyesha kwamba ni makrofaji zilizojaa ndani ya mafuta. Kwa panya wembamba zilikuwa chini ya asilimia 10 ya seli zote za mafuta yale. Kwa panya wanene sana zilipita nusu. Mwaka 2007 watafiti wa Michigan wakaonyesha kwamba si wingi tu unaobadilika, bali hata tabia: makrofaji za unene hutoa kemikali kali kuliko zile za kawaida. Miaka miwili baadaye, wa Boston wakaona seli T za kutuliza hupungua katika mafuta ya tumbo la panya mnene, na wa Tokyo wakaona aina nyingine ya seli T, zile za kuua, huingia mapema hata kabla ya makrofaji kujaa. Mimi nayapenda sana matokeo haya, kwa sababu yameondoa lawama mahali pasipostahili. Mgonjwa wa sukari aliyekuwa akiambiwa "wewe ni mlafi tu" leo tunaweza kumwonyesha kinachoendelea ndani ya mwili wake seli kwa seli.

Na insulini inahusikaje? Fikiria uko ndani ya matatu ya kwenda Kayole, muziki umefunguliwa hadi vioo vinatetema. Unaita "shukisha!" na makanga hasikii. Unaita tena kwa nguvu, abiria wengine wanakusaidia kuita, ndipo gari linasimama. Insulini ndiyo sauti yako: kazi yake ni kuiambia misuli, ini na mafuta vipokee sukari iliyoko kwenye damu. TNF na kemikali wenzake ndio muziki. Insulini ipo, tena nyingi, lakini ujumbe wake unakatika ndani ya seli. Kongosho basi hupaza sauti, hutoa insulini zaidi na zaidi, na kwa miaka mingi sukari hubaki sawa bila wewe kujua lolote. Kongosho linapoishiwa nguvu, ndipo kipimo kinasoma 11.2.

Sasa umeshapata nusu ya jibu kuhusu rafiki yako wa chama. Kongosho lake, kwa sasa, bado lina sauti ya kushinda muziki. Nusu ya pili ni mahali mafuta yalipokaa. Mafuta ya makalio na mapaja, yaliyo chini ya ngozi, mara nyingi huongezeka kwa kuzaa seli mpya ndogo, na hizo hazina dhiki kubwa. Yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka matumbo, ndiyo yenye ugomvi zaidi, na yakifurika, mafuta huvuka yakaenda kukaa kwenye ini. Ndiyo maana nesi alikupima kiuno. Kwa mwanamke, hatari huanza kupanda kuanzia sentimita 80 na huwa kubwa kuanzia 88. Kwa mwanamume ni 94 na 102. Rafiki yako naye apimwe kiuno na sukari kila mwaka, asitulie kwa sababu leo yuko sawa.

Kaka yako ni habari nyingine. Mtu anaweza kurithi kongosho lenye akiba ndogo, likashindwa hata pasipo mafuta mengi. Anaweza pia kuwa mwembamba wa mikono na miguu huku mafuta yamejificha kwenye ini. Na wapo watu wachache waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza mafuta ya chini ya ngozi. Ungedhani wao ndio salama kabisa, kumbe hupata kisukari kikali sana, kwa sababu mafuta ya chakula hayana pa kuwekwa isipokuwa kwenye ini na misuli. Nalitaja hili kwa kusudi: mafuta yenyewe si adui yako. Adui ni mafuta yaliyojazwa hadi yakaumia. Ila kaka yako, kwa kuwa ni mwembamba, asichukulie tu kwamba ana aina ya pili. Daktari wake anapaswa kuhakikisha ni aina gani, hasa kama dawa za kumeza hazimsaidii.

Tuje kwa wifi. Sitaki ugombane naye, lakini hoja yake haisimami. Kinga yako kwenye mafuta haijachoka, imeamshwa kupita kiasi. Kuiongezea nguvu mahali pale, hata kama ingewezekana, kungeongeza muziki. Wakati huohuo sukari ikikaa juu hudhoofisha kinga mahali pengine. Mtu mwenye kisukari yuko katika hatari ya kupata kifua kikuu mara mbili hadi tatu kuliko asiye nacho, na katika mji kama Nairobi, tunavyobanana kwenye matatu na masokoni, hilo si jambo dogo. Ukikohoa wiki mbili, nenda ukapimwe. Mwili mmoja, kinga moja, imezidi hapa na kupungua kule: hakuna unga wa kopo unaojua tofauti hiyo. Kinachosaidia pande zote mbili ni sukari kushuka.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni kilichomo ndani ya kopo. Baadhi ya dawa zinazouzwa kama za asili zimewahi kukutwa zimechanganywa kwa siri na steroidi, dawa kali za jamii ya homoni, na steroidi hupandisha sukari vibaya sana. Huenda la wifi halina. Lakini kama halionyeshi yaliyomo wala usajili, lipeleke ulionyeshe kliniki, na usiongeze hata kijiko. Kama umelitumia kwa wiki nyingi, mwambie daktari kabla ya kuacha ghafla, maana kama lina steroidi, kuacha kwa mkupuo nako kuna hatari yake. Na zile 9,000 za makopo mawili, dada yangu, zingekununulia kipimo cha nyumbani na vijiti vyake.

Jirani yako sokoni amefikiri vizuri zaidi kuliko anavyojua. Wazo lake wanasayansi wamelijaribu kwa miaka mingi. Dawa jamii ya aspirini iitwayo salsaleti ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kisukari kwa wiki 48, matokeo yakatoka 2013: kipimo cha miezi mitatu kilishuka, lakini kwa pointi 0.37 tu za asilimia, na protini ikaongezeka kwenye mkojo, jambo ambalo halipendezi kwa figo. Kuzuia TNF, kulikofanya kazi vizuri kwa panya, hakukusaidia wagonjwa wa kisukari ilipojaribiwa mwaka 1996. Kisha kukawa na utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, waliodungwa dawa ya kuzima kemikali nyingine ya kinga. Inflamesheni ilishuka, mishtuko ya moyo ikapungua, lakini idadi ya waliopata kisukari kipya haikupungua. Kwa hiyo hata mimi ninayekueleza haya kwa shauku nakiri kwamba inflamesheni ya mafuta ni sehemu ya kisukari, si kisukari chote. Na diklofenaki haimo kabisa katika hesabu hii. Ukiimeza kila siku inaweza kuharibu figo, kupandisha presha na kutoboa tumbo, na figo ndizo ambazo sukari tayari inazinyemelea. Mwambie jirani naye akaonwe hilo goti.

Basi kinachobaki ni kuondoa sababu ya makrofaji kuitwa. Seli ya mafuta ikipungua ukubwa, dhiki inapungua, na wito unanyamaza. Katika panya imeonekana kwamba wiki za kwanza za kupungua, makrofaji huongezeka kidogo, kwa kuwa zinasaidia kubeba mafuta yanayoachiliwa, kisha ndipo zinapungua. Usikate tamaa basi kama mwezi wa kwanza hauoni mabadiliko unayoyatarajia.

Kiasi gani? Kilo zako 94, ukipunguza 6 au 7 utaanza kuona tofauti kwenye sukari na presha. Ukienda mbali zaidi, kuna habari njema ambayo kila mgonjwa mpya anapaswa kuambiwa. Utafiti wa Uingereza uliotangazwa 2017 uliwachukua watu waliogunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya pili ndani ya miaka sita, ukawaweka kwenye chakula kidogo sana chini ya uangalizi kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha ukawarudisha kwenye chakula cha kawaida polepole. Baada ya mwaka, asilimia 46 hawakuwa na kisukari tena, bila dawa. Miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi, ilikuwa asilimia 86. Wewe una karibu mwaka mmoja tu tangu ugunduliwe. Mlango uko wazi. Lakini usijifungie nyumbani na kujinyima; wale walisimamiwa na dawa zao zilibadilishwa siku ya kwanza. Zungumza na daktari wako kwanza, na umtajie hasa kwamba unataka kujaribu kuiondoa sukari, usiishie kuizuia tu.

Kwa maisha ya Gikomba, ningeanza na vitu vitatu. Chai. Ukinywa vikombe vinne vya chai ya maziwa kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari na mandazi mawili pembeni, hapo pekee kuna mlo mzima ambao hukuuhesabu. Kunywa chai, lakini bila sukari, na mandazi yabaki ya Jumapili. Pili, sahani: punguza ugali au chapati hadi robo ya sahani, nusu iwe sukuma, terere au managu, robo iwe maharagwe, ndengu, omena au yai. Chakula hiki kipo Kayole kote na hakihitaji pesa za duka kubwa. Tatu, miguu. Msuli unaofanya kazi huchukua sukari kwenye damu hata bila kungoja sauti ya insulini, kwa hiyo dakika 15 za kutembea baada ya chakula cha mchana, kuzunguka soko tu, zinafaa kuliko unavyodhani. Jioni, kama bado kuna mwanga na ni salama, shuka vituo viwili kabla ya Masimba.

Usingizi pia, ingawa najua marobota hufunguliwa alfajiri na sina la kukupa hapo isipokuwa kulala mapema. Na kuhusu sindano za kupunguza uzito ambazo bila shaka umeziona mitandaoni: dawa za kweli zipo na zinafanya kazi, lakini mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu zilizoghushiwa. Zitoke kwa daktari na duka la dawa lenye leseni, au zisitoke kabisa.

Uliponiambia ulipungua kisha kilo zikarudi, nilisikia aibu katika maandishi yako. Usiione. Mwaka 2024 watafiti wa Zurich walionyesha kwamba seli za mafuta hubaki na kumbukumbu ya unene katika namna jeni zao zinavyofanya kazi, hata baada ya mtu kupungua, na katika panya kumbukumbu hiyo iliwafanya wanenepe upesi tena. Mwili wako unavuta kurudi ulikokuwa. Hiyo ndiyo sababu unahitaji watu nyumbani wanaovuta upande wako.

Kwa hiyo sehemu hii msomee mama mkwe neno kwa neno.

Shikamoo Mama. Nakushukuru kwa kumjali mke wa mwanao; uliuliza kwa sababu ulimwona anapungua ukaogopa, na kila familia ya Nairobi ina sababu ya kuogopa hivyo, tumezika wengi. Lakini safari hii kupungua ndiyo matibabu. Mkwe wako amepima, hana ule ugonjwa unaouwazia. Ana sukari, kama wanawake wengi wa mji huu watakavyokuwa nayo tusipoangalia: mwaka 2022 utafiti wa taifa ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi. Ukimwambia "unaisha", atarudi kula ili akuridhishe, na sukari itamfikia macho, miguu na figo. Ukimwambia "endelea", utakuwa umemsaidia kuliko kopo lolote. Wakija majirani kuuliza, wewe ndiye wa kuwajibu, maana neno la mkwe wanalipuuza lakini la mama halipuuzwi. Mwanao naye umwite, umwambie kwa kinywa chako kwamba unataka mkewe apungue. Na siku ya kliniki, nenda naye. Mwombe nesi akupime kiuno na sukari wewe pia, kabla hujanywa chai ya asubuhi.